Niligomewa kubuku ndege ya Chato, kumbe bado ilikuwa mkononi mwa Mabula

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mimi si mwandishi. Shule nimeishia la tano, mengine nimeokota njiani. Mkikuta sentensi imekaa upande, inyoosheni wenyewe muendelee. Ila hii si chai. Yote yamenipata mimi mwenyewe, na majina nitayataja, maana nimechoka kuwafichia watu aibu zao.

Nilikuwa na tatizo la booking kwenye virtual airline. Nilitafuta uzi wa Kiswahili wa kunisaidia, sikuupata. Nimeamua kuuandika mwenyewe ili atakayekwama kama mimi asifanye haraka.

Kwa wasiojua: virtual airline ni shirika la ndege la kwenye kompyuta. Ndege ni za simulator, abiria hewa, mafuta hewa. Lakini taratibu ni kama za kweli. Unapewa namba ya rubani. Unaingia kwenye website, unabuku safari, unarusha ndege ukiwa nyumbani kwako, ukitua mfumo unapokea ripoti.

Ndege ikitua Chato inabaki Chato mpaka mtu aibuku kutokea pale pale. Na ukishaibuku ni yako. Hakuna mwingine wa kuigusa mpaka uirushe au u-cancel.

La kwetu linaitwa Sangara Virtual. Wanaliendesha vijana wa Dar.

Najua kuna watakaocheka. Mzee mzima wa Shinyanga, mguu mmoja chuma, anacheza gemu. Chekeni tu. Mke wangu alishacheka mpaka akachoka, sasa ananiletea uji pale pale kwenye kompyuta.

Sasa Mabula.

Mimi na Mabula tulichimba duara moja, shimo la dhahabu, huko Geita. Mwenye duara alikuwa Shija, huyu ambaye siku hizi mnamwita Shija Lodge na kumpisha njia akipita na gari lake. Tulimwambia matimba yameoza, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisishuke. Akasema tumalize kwanza mwamba uliokuwa unatoa vizuri, magogo yatakuja wiki ijayo.

Magogo hayakuja. Ukuta ndio ulikuja.

Tulibaki chini wawili. Mguu wangu chini ya jiwe, yeye mzima lakini hana pa kwenda. Wakuu, giza la kule si kama la umeme ukikatika. Lile lina uzito. Ili nisilale, Mabula alikuwa ananiongelesha. Ng'ombe wa baba yake, mashairi ya ngoma, matusi, chochote. Ndipo aliponiambia hivi:

"Tukitoka humu, mimi chini sishuki tena. Nitakuwa napanda juu tu."

Nikamuuliza juu wapi, wewe mwembe wenyewe unaogopa kupanda. Akasema juu huko huko, kwenye ndege.

Wachimbaji wenzetu walitutoa kwa mikono na sururu. Shija hakuwepo. Alikuwa Mwanza, walisema, ana kikao.

Mguu ukakatwa. Nikarudi nyumbani Shinyanga, nikafungua kibanda cha kuweka nyimbo na muvi kwenye simu za watu. Mabula akabaki Buseresere na mke wake, Mama Limi. Neno lake alilishika, chini hakushuka tena. Lakini mtu lazima ale. Akaajiriwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, jirani na lile duara. Mwenye karasha nani? Shija huyo huyo.

Walikuwa wanasaga mawe makavu. Vumbi lake jeupe kama unga wa sembe, linaingia mpaka kwenye kope. Wakiomba maji ya kumwagia mawe ili vumbi litulie, Shija anasema maji yanachelewesha kazi. Kinga ilikuwa kitambaa cha puani. Mapafu ya Mabula yaliishia pale, wala msiniambie habari ya mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na karasha.

Simulator aliianza yeye. Dereva mmoja wa malori ya Isaka alimletea kompyuta iliyotumika, ndani yake akakuta gemu la ndege. Akanipigia simu siku hiyo hiyo, anaongea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Nikaliweka na mimi kwenye kompyuta ya kibandani. Tukajifunza kwa video za mtandaoni, Kiingereza hatukijui, tunaangalia tu kidole cha yule Mzungu kinabonyeza wapi.

Ndege ya kweli hatujawahi kupanda, si yeye si mimi.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha tatizo langu la booking, someni taratibu.

Kule duarani tulikuwa na moko moja, ile chisel ya kuchongea mwamba. Yetu sote wawili. Shifti ikiisha, anayepanda anamkabidhi anayeshuka mkononi. Hailazwi chini. Ukiilaza chini mwamba unaficha mali, ndivyo tulivyowakuta wakubwa wakisema na ndivyo tulivyofanya. Anayetoa anasema "nimekukabidhi". Anayepokea anasema "nimepokea". Ukishasema umepokea, moko ni yako mpaka shifti yako iishe.

Ile ndege ya Sangara tukaifanyia hivyo hivyo. Ni ndege ndogo ya propela moja, na tuliiita Moko. Mabula anaitoa Chato, kiwanja cha karibu na kwake, anaileta Shinyanga. Akitua ananipigia simu, "nimekukabidhi." Mimi najibu "nimepokea" na hapo hapo naibuku kurudi Chato, hata kama nitairusha kesho kutwa. Nikitua Chato nampigia, anapokea, anaibuku.

Kwa hiyo ndege ile ilikuwa haikai wazi hata dakika. Wenzetu kwenye Sangara walikuwa wanalalamika. Ndege ya watu wote, mbona ina wenyewe? Tukawaacha walalamike.

Kutembeleana kwa kweli kulikuwa kugumu. Safari si ndefu, lakini mguu wangu kwenye basi ni adhabu, na kifua chake kwenye vumbi la barabara ni kifo. Alikuwa ananiahidi kila mwaka, nakuja kula michembe, vile viazi vikavu, kwako. Hakuja. Kilichokuwa kinakuja ni ndege.

Mara ya mwisho nilitua Chato jioni moja. Nikapiga simu, akapokea Mama Limi. Nikasema mwambie nimemkabidhi. Nikasikia sauti yake kwa nyuma, nyembamba, kama inatoka chini ya blanketi. Mama Limi akasema, "Amesema amepokea, shemeji."

Nikaona ni maneno tu ya mgonjwa. Sikufikiria kwamba atabuku.

Baada ya hapo alizidiwa, akapelekwa hospitali, hakurudi. Nilikwenda kumzika, nikakaa kwenye basi safari nzima nimeunyoosha mguu kwenye ndoo ya mtu. Shija Lodge hakutokea. Alituma shada la maua ya plastiki lenye jina lake kubwa kuliko la marehemu.

Nikarudi Shinyanga. Siku kadhaa sikuwasha kompyuta. Nilipowasha nilitaka kitu kimoja tu: kuirudisha Moko nyumbani. Sikutaka ikae Chato kwenye kiwanja ambacho hakina mtu.

Nikaingia, nikachagua Chato kwenda Shinyanga, nikabonyeza Book.

Ikakataa. Ikaandika kwamba ndege haipatikani.

Nilichofanya ndicho mnachofanya nyote. Nikafuta cache. Ikakataa. Nikabadili browser. Ikakataa. Nikatoa ile programu inayofuatilia safari, nikaiweka upya. Ikakataa. Nikajaribu kwa simu ya mke wangu. Mfumo ukaniambia nichague ndege nyingine, tena ukaniletea na orodha, jeti nzuri nzuri zinang'aa. Nilitukana wakuu, mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini.

Nikaandika kwenye group. Admin wetu anaitwa Tito, anajiita Kapteni Tito. Namtaja kwa kuwa aliniambia mbele ya watu wote kwamba wazee tujifunze kwanza kusoma kilichoandikwa kabla ya kusumbua. Vijana wakaweka vikatuni vya kucheka. Nikanyamaza. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, ila nilihitaji ndege.

Baadaye akanifuata pembeni, nadhani roho ilimsuta. Akasema mfumo ni mzima, ndege imebukiwa na mtu. Akanitumia picha ya ukurasa wake wa admin.

Chato kwenda Shinyanga. Rubani: Mabula.

Alibuku kweli. Kutoka kitandani, kabla gari la hospitali halijaja.

Niliiangalia ile picha muda mrefu. Mteja alikuja kuwekewa nyimbo, nikamwambia leo hakuna nyimbo.

Nikamwambia Tito kwamba huyo mwenye booking amefariki. Akasema pole. Akaongeza, basi kazi ni nyepesi: anafuta akaunti ya marehemu, booking inakufa yenyewe, ndege inarudishwa Dar, Jumapili anafanya usafi wa mfumo.

Nikamuuliza, ukifuta akaunti, safari zake zinakwenda wapi?

Akasema zinafutika nazo.

Wakuu, ule ukurasa wa ndege yetu ukiufungua unaona safari zake zote tangu mwanzo. Mabula, mimi, Mabula, mimi, Mabula, mimi. Kama ngazi. Angefuta, ngazi nzima ingebaki na meno ya upande mmoja. Mimi sina picha hata moja niliyopiga na Mabula. Kule machimboni hakuna aliyekuwa na simu ya picha, na baadaye kila mtu alikuwa anaficha alivyokonda.

Nikamwomba Tito asifute. Akasema sheria ni sheria, booking ya mtu asiyeruka haiwezi kukaa. Either iruke au mwenyewe ai-cancel kwa password yake. Mpaka Jumapili.

Password ingekuwa kwa nani kama si kwa mke wake. Nikampigia Mama Limi.

Nilizunguka sana kabla ya kusema. Nikamuuliza watoto, mihogo, mvua. Yeye ndiye aliyenikata.

"Shemeji, wewe hukunipigia kwa ajili ya mihogo. Ni ndege?"

Nikasema ni ndege.

"Mabula aliibuku," akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia mouse."

Nikamwelekeza. Akifungua ile kompyuta atakuta bado iko ndani ya akaunti, aende palipoandikwa "Safari Zangu", abonyeze Cancel, basi, ndege inakuwa huru mimi naichukua, na akaunti ya baba Limi inapona. Ni kubonyeza mara moja tu.

 

Akasema hawezi kubonyeza hivyo. Mtu amesema amepokea, amekufa na neno lake, halafu yeye mkewe aende akaandike kwamba hakupokea? Akaniuliza kule duarani mlikuwa mnafanyaje, mtu akishapokea moko halafu akashindwa shifti.

Nikamwambia ndugu yake ndiye anayemalizia.

"Basi nitairusha," akasema.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia shemeji, ile si cherehani.

Hapo ndipo aliponipasua. Akasema, "Ile landing uliyompigia simu ukamcheka, ukasema ametua kama kiroba cha mawe. Unajua ilikuwa ya nani?"

Nikasema ya Mabula.

"Ilikuwa yangu. Alicheka na yeye mpaka akakohoa damu kidogo. Akanikataza nisikwambie."

Kumbe mikono ya Mabula ilikuwa imeanza kutetemeka zamani. Alikuwa analala kitandani amegeukia skrini, anamwelekeza mkewe: punguza, inua pua, ngoja, sasa. Ndege nilizokuwa napokea mimi muda wote ule zilikuwa za sauti ya Mabula na mikono ya Mama Limi. Na mimi huku nilikuwa najisemea, jamaa anaendelea vizuri, mbona anaruka kila wiki.

Nikamwambia nduhu mhayo, hakuna neno, shemeji. Irushe.

Ijumaa mchana akawasha. Mimi nilifunga kibanda, nikafungua ramani ya Sangara ambako ndege iliyo angani inaonekana kama kialama kidogo cha kijani chenye jina la rubani. Kikatokea pale Chato. Mabula. Kikatembea. Kikainuka.

Nataka niwaambie ukweli, nilijua vizuri kwamba ni Mama Limi. Nilikuwa nimetoka kuongea naye. Lakini macho yanasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni Mabula anakuja Shinyanga.

Mabula siku zote akitoka Chato alikuwa anakata kusini, anazunguka mbali kisha anapinda kuja kwangu. Mimi nilidhani ni upepo wa kwenye gemu. Ile Ijumaa alama ilinyooka. Ikapita juu kabisa ya maeneo yetu ya Geita, ikapunguza mwendo, ikazunguka pale duarani mara moja, polepole, ikaendelea.

Nilipomuuliza baadaye akasema mumewe alikuwa anapakwepa pale. Hataki kupaona hata kwenye kompyuta. Yeye alitaka kupaona. Miaka yote anasikia duara, duara, hajawahi kufika.

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, shemeji. Hawajaliweka. Hakuna shimo, hakuna karasha. Ni miti tu."

Wakuu, na mimi nilikwenda nikaangalia. Ni kweli. Waliotengeneza lile gemu hawakujua habari zetu. Pale Mabula alipokuwa anasagia mawe kuna msitu wa kijani, tena mzuri, na kijito ambacho hakipo. Ningekuwa na uwezo ningehamia mle.

Akatua Shinyanga. Alitua vibaya, aliruka mara mbili kwenye lami na mfumo ukampa alama za chini. Sikucheka.

Simu ikaita. Akasema tu, "Nimekukabidhi."

Neno la kujibu nilikuwa nalo, nimelisema maisha yangu yote. Halikutoka. Mama Limi akangoja, hakunisaidia. Nilisikia kuku wa Buseresere kwenye simu. Mwisho nikasema nimepokea, nikabonyeza Book, na hiyo ngazi ikapata kidato kingine.

Akaniaga, akasema Limi, binti yao anayesoma Mwanza, anakuja kuichukua ile kompyuta kwa ajili ya masomo yake. Yeye anarudi kwa kaka zake Runzewe. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana. Akasema nisahau mambo ya landing, niwe namsalimia tu kama mtu.

Tito naye nimtendee haki. Aliona ripoti imeingia, akaniandikia kwamba kwa vile hakuna booking iliyokwama hana sababu ya kufuta akaunti. Ila lazima aiweke kwenye hali fulani. Akanitumia machaguo ya mfumo wake. Yako matatu: anayeruka, aliyefutwa na aliye likizo.

Hakuna la marehemu. Hawakulifikiria.

Tukachagua likizo.

Sasa fundisho, kwa waliokuja kutafuta suluhisho la booking. Mfumo ukisema ndege haipatikani, cache futeni, browser badilisheni, programu wekeni upya, sawa. Lakini ukiendelea kukataa, muulizeni admin ndege imeshikwa na nani, halafu mtafuteni huyo mtu au watu wake kabla hamjaomba chochote kifutwe. Na ninyi ma-admin, mtu akiuliza swali msimcheke mbele za watu. Hamjui anataka ndege ya nini. Na wewe Shija, najua kuna watu humu watakupelekea huu uzi: mwagia mawe maji.

Kuhusu ndege yenyewe, nimeibuku, iko kwangu, sijairusha. Natakiwa kuipeleka Chato na Chato sina mtu. Tito ameshaniuliza mara moja, kwa adabu safari hii.

Kama kuna mkuu humu anakaa upande wa Chato, Buseresere au Muganza na anarusha, aseme hapa chini. Mwanamume, mwanamke, mwenye kompyuta nzuri au mbovu, kwangu sawa. Alama za landing siangalii. Na kama hayupo, wengine changieni tu mnavyojua, nitasoma zote. Niko kibandani.